Ulikuwa unakula wapi kule Bruxelles?

Tangu nimerudi Sandoa mnaniuliza mambo mengi ya Ulaya, lakini swali moja linapita yote. Si baridi, si ndege. Ni hili: «Ulikuwa unakula wapi?» Mama anayeuza sombe sokoni aliniuliza. Watoto wa familia zilizokimbia Kasai waliniuliza hata kabla ya kunisalimia. Papa mmoja wa kanisani aliniuliza mara mbili, maana jibu la kwanza halikumtosha. Kwenye redio nilijaribu kujibu, dakika zikaisha. Hapa nina nafasi.

Nilikaa Bruxelles wiki tatu, mwezi wa kumi 2024, kwa mafunzo ya waandishi wa habari wa redio ndogo ndogo. Tulikuwa watu tisa. Nyumba tuliyolala ilitupa kahawa na mkate asubuhi. Chakula cha mchana na cha usiku kila mtu alijitafutia. Siku ya kwanza walitugawia bahasha: euro 35 kwa siku, siku 21, zote pamoja mkononi. Wakati ule euro 1 ilikuwa karibu franga 3.000. Fanya hesabu mwenyewe. Ni zaidi ya franga laki moja kwa siku kwa tumbo la mtu mmoja. Sijawahi kula laki moja kwa siku, na hapa Sandoa simjui aliyewahi, labda siku ya ndoa.

Yaya wangu amepokea nyumbani kwake familia ya watu sita iliyotoka Kasai mwaka 2017, wakati wa vita vya Kamuina Nsapu. Walifika na nguo walizovaa. Wengi wenu mnaosoma mnajua hali hiyo kuliko mimi. Yaya hakuniomba kitu nilipoondoka. Lakini mtu akishika bahasha kama ile, anaona sufuria ya nyumbani hata akifumba macho. Basi nikagawa: euro 17 za kula, zinazobaki za Sandoa. Mwenzangu mmoja kutoka Bénin alinicheka: «Pesa ya chakula ni ya mwili wako, si ya mfuko wako.» Kwake ilikuwa kweli. Kwangu, toka siku ile, kuchagua restora kukawa kazi ya hesabu.

Jioni ya kwanza tulikwenda wote katikati ya mji, kwenye uwanja mkubwa uitwao Grand-Place. Karibu na hapo kuna barabara nyembamba, rue des Bouchers, maana yake barabara ya wachinjaji. Restora zimebanana pande zote mbili, samaki wamepangwa nje juu ya barafu, na mbele ya milango wanasimama vijana wa kuita watu. Wanakuita kwa Kifaransa, ukinyamaza kwa Kiingereza, ukinyamaza tena kwa Kihispania. Mimi ninayepanda magari Kolwezi kuja huku kupitia Kasaji naijua kazi ile. Anayekuvuta mkono ili upande gari lake, gari lake bado ni tupu. Niliwaambia wenzangu tupite, tukapita.

Lakini kwenye barabara hiyo hiyo iko Chez Léon, iliyofunguliwa mwaka 1893, na waliotualika walitupeleka huko usiku mmoja, wakalipa wao. Walituletea moules. Ni viumbe wa baharini wanaokaa ndani ya magamba mawili meusi, wanapikwa na kitunguu na seleri, na kila mtu anawekewa sufuria yake. Unachukua gamba tupu, unalitumia kama koleo kuchomoa nyama ya mwingine. Ladha ni nzuri, sikatai. Ila unafanya kazi saa nzima, magamba yanajaa bakuli, na tumbo bado linauliza chakula kitakuja saa ngapi. Nilitazama bei kwa siri. Watu wawili wakila hivyo na kunywa kidogo, ni karibu euro 60. Kwetu hiyo ni mifuko ya unga ya kilo 25, si mmoja.

Tena kuna maji. Hili niliporudi ndilo lililowashangaza watu kuliko yote. Kule maji ya bomba ni safi, unakunywa bila kuchemsha, lakini ukikaa mezani kwenye restora nyingi hawakuletei ya bure. Ukisema maji, inakuja chupa, na chupa ina bei yake, mara nyingine inakaribia bei ya bia. Nilijifunza kunywa maji mengi kwenye bomba la chumbani kabla ya kutoka. Ukitaka ushauri wa mtu aliyekwenda, huo ndio wa kwanza.

Wa pili: soma bei mlangoni. Karibu kila restora inabandika orodha nje, na bei iliyoandikwa ndiyo utakayolipa, kazi ya mhudumu imeingizwa humo, hakuna atakayekukasirikia usipoongeza kitu. Mchana kuna kitu wanaita «plat du jour», chakula cha siku, ambacho ni nafuu kuliko kile kile usiku. Lakini usichelewe. Baada ya saa nane na nusu mchana majiko mengi yanafungwa mpaka jioni, na njaa yako haitawafungua.

Na wa tatu: usiamini jina la chakula. Yule ndugu wa Bénin aliona «américain» kwenye orodha, akafikiri ni nyama ya kuchoma ya Kimarekani. Ikaja nyama ya ng'ombe ya kusaga, nyekundu, mbichi kabisa, na viazi pembeni. Alimwomba dada aliyetuhudumia aipitishe motoni kidogo. Dada akacheka, akasema inaliwa hivyo. Nyama hiyo hiyo wakiipaka juu ya mkate uliookwa, wanaiita «cannibale». Ndiyo, mla watu. Babu zetu waliandikwa hivyo kwenye vitabu vyao, na kumbe ni wao wameliweka neno kwenye sahani na kulitia chumvi. Siku ile tulicheka mpaka watu wa meza za jirani wakageuka.

Siku nyingi za wiki ya kwanza nilikula viazi. Wabelgiji wanavikaanga mara mbili, kwa desturi kwenye mafuta ya ng'ombe, wanakupa kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe, na mayonezi juu. Kuna kibanda maarufu Place Jourdan, Maison Antoine, kinauza tangu mwaka 1948. Mstari ni mrefu, lakini unakwenda. Jambo zuri ni kwamba baa zinazozunguka uwanja ule zinakuruhusu ukae ndani na viazi vyako, bora ununue kinywaji. Kwa mtu mwenye bahasha ya kugawa, hilo ni jambo kubwa: unakaa kwenye joto, juu ya kiti, kama wengine. Siku nyingine nilikwenda kwa Waturuki wa chaussée de Haecht, upande wa Schaerbeek, ambako nyama na mkate vinakushibisha bila kukunyang'anya. Jumapili, sokoni karibu na kituo cha treni cha Midi, mama wa Kimoroko wanakaanga mikate myembamba na kuijaza jibini na asali. Pale nilishiba vizuri kwa pesa kidogo.

Kitu kimoja nilikitazama kila mahali, na mtu wa Lualaba atanielewa. Kwenye restora za zamani za Bruxelles wanatundika masufuria ya shaba ukutani. Hayapikiwi, ni mapambo, yanasuguliwa yang'ae. Ofisi kuu ya Union Minière, ile iliyoanzishwa mwaka 1906 na kuchimba kwetu, ilikuwa katika mji ule ule. Siwezi kusema shaba ya sufuria fulani ilitoka Kolwezi. Lakini nilikuwa nakula nikiitazama.

Jumamosi ya pili walitupeleka Tervuren, nje kidogo ya mji, kwenye jumba la makumbusho ya Afrika. Pale mwaka 1897 mfalme Léopold wa Pili alileta Wakongo 267 ili watu wawatazame kwenye vijiji vya bandia. Saba walikufa, makaburi yao yapo kando ya kanisa. Waliotuongoza walitueleza kwamba watazamaji walikuwa wanawarushia wale watu vyakula, mpaka ikabidi kuwekwa kibao cha kusema wasirushe, wanalishwa na waandaaji. Tulipotoka ilikuwa saa sita. Mwenyeji wetu akauliza kwa moyo mzuri: «Mnapenda tukale wapi?» Hakuna aliyejibu. Siku ile sikutaka kula mbele ya mtu anayenitazama. Niliomba ruhusa nikaenda peke yangu Matonge.

Matonge ya Bruxelles imechukua jina la Matonge ya Kinshasa. Unashuka metro Porte de Namur, katika komini ya Ixelles. Miaka ya 1960 wanafunzi wetu walikuwa na nyumba ya kulala karibu na pale, maduka na baa zikafuata, na mpaka leo ndiko unakwenda ukitaka kusuka nywele, kununua makayabu, mbinzo, safu na kwanga. Pale karibu na metro kuna uwanja wenye jina la Patrice Lumumba, tangu tarehe 30 Juni 2018. Aliuawa huku kwetu Katanga, Januari 1961. Tuendelee na chakula.

Restora nyingi za Kiafrika ziko rue Longue Vie, barabara fupi isiyopitisha magari. Msifikiri mtu wa Katanga akifika pale amefika nyumbani. Muziki ni wa Kinshasa, maneno ni Kilingala, sombe inaitwa pondu na bukari inaitwa fufu. Mtu wa Lualaba pale ni mgeni kwa wageni. Nilitembea barabara nzima mara mbili, nikachungulia kwenye vioo. Moja ilikuwa na orodha ya vyakula arobaini hivi, na jikoni niliona mtu mmoja. Basi kilichobaki kiko kwenye friji tangu juzi. Nyingine ilijaa vijana na chupa, sahani hakuna. Ya tatu ilikuwa na ubao mdogo wenye vyakula vitatu vilivyoandikwa kwa chaki, na ndani walikaa papa wawili wazee, kila mmoja peke yake, wanakula kimya. Mzee anayeishi peke yake hatupi pesa yake penye chakula kibaya. Nikaingia.

Binti aliyehudumia alinisalimia kwa Kilingala. Nilimwuliza kwa Kifaransa kama wana sombe na bukari. Neno lile lilinitoka bila kulifikiri, ningesema fufu. Kutoka jikoni ikaja sauti ya mama:

«Ni nani ule anasema bukari?»

Akatoka, anapangusa mikono. Mama wa miaka hamsini hivi. Nikasimama, nikamwamkia.

«Unatokea wapi, mwanangu?»

«Sandoa, mama.»

«Sandoa, kule kwa Balunda?»

«Ndiyo, mama.»

Alinitazama kidogo. «Miye nilizaliwa Kolwezi,» akasema, kisha akarudi jikoni.

Ilikuja bukari ya mahindi, nyeupe, si ile ya kuchanganya, na sombe yenye mawese mengi, na fretin. Bei euro 14. Alikuja kukaa mbele yangu wazee wale walipokwisha kutoka. Baba yake alitoka Kasai, alifanya kazi Gécamines miaka mingi. Yeye alikuwa na miaka 19 mwaka 1993, walipofukuzwa. Vijana wanaosoma, jueni jambo hili, maana shuleni halisemwi sana: mwaka 1992 na 1993, mkoa wetu ukiitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walitolewa nyumbani na kazini, Likasi, Kolwezi na kwingine, maelfu kwa maelfu. Walilala kwenye vituo vya treni wiki nyingi wakingoja kupelekwa Kasai. Wengi walikufa kwa ugonjwa na njaa, pale vituoni na njiani.

«Mdogo wangu alibaki kwenye treni, mbele ya kufika Mwene-Ditu,» mama akasema. Hakuongeza. Akaniuliza kama sombe ina chumvi ya kutosha.

Mwaka ule nilikuwa mtoto mdogo. Sikumfukuza mtu. Lakini watu wangu ndio waliobaki, na nyumba zilizoachwa hazikukaa tupu. Kila mtu wa Kolwezi anajua. Nilitafuta neno la kumwambia mama yule, nikakosa. Nilikula. Ikaonekana ndicho alichotaka, maana alisimama akaniletea bukari nyingine bila kuniuliza. Wakati wa kulipa nilidhani atapunguza kitu, akasema: «Hapa si kwa mama yako. Lipa.» Nikalipa euro 14 zote.

Kutoka hapo hesabu yangu ilibadilika. Euro 14 jioni maana yake mchana una euro 3, yaani ndizi na mkate wa dukani. Nilifanya hivyo siku nne. Wenzangu walinialika kwingine, mahali pa karibu na penye bei nafuu, nikakataa. Mmoja aliniuliza kama nimependa binti anayehudumia. Nilimwambia nimependa mpishi, wakacheka, nikawaacha wacheke.

Jioni ya tatu mama aliniuliza kwa nini mtu mzima anakunywa maji nyumbani na kuja mezani bila kuagiza kinywaji. Alikuwa amenichunguza. Nikamweleza ile bahasha, na yaya, na familia ya Kasai iliyoko kwake tangu 2017. Alinyamaza muda, mikono juu ya meza.

«Shiye mulitufukuza,» akasema, «sasa ndugu zetu banakimbilia kwenu?»

«Ndiyo, mama.»

«Na yaya wako anabapokea.»

«Anabapokea.»

Hakusema ni vizuri, hakusema ni vibaya. Akaniletea chupa ya maji, na kwenye hesabu haikuwepo.

Jioni ya mwisho nilimwomba anirekodie salamu za redio. Alikataa jina lake lisemwe, na akakataa restora itajwe. Ndiyo sababu hamlioni jina hapa, mtaikuta kwa ubao wa chaki. Alisema sekunde arobaini, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Chiluba, kwa wale walio Sandoa na mbali na kwao. Halafu akaniomba kitu. Nikipita Kolwezi, nitazame kama nyumba ya baba yake bado iko, kwenye cité ya Gécamines. Alinichorea barabara kwenye karatasi ya hesabu: mwembe, bomba, nyumba ya tatu.

Bahasha ilituma euro 340 nyumbani. Yaya alinunua unga na mafuta, akalipa sekondari ya mtoto mkubwa wa familia ile. Hiyo ndiyo habari ya pesa, kwa wale waliouliza.

Kolwezi nilipita mwezi wa kumi na moja, nikiwa na karatasi mkononi. Mnajua hali ya upande ule: mgodi umekula mitaa, watu wamelipwa kidogo au wamehamishwa, kuta zimebomolewa. Mwembe niliukuta. Bomba sikuliona. Mahali pa nyumba ya tatu kuna uzio wa mabati, nyuma yake udongo mwekundu uliorundikwa juu kuliko paa. Nilipiga picha ya mwembe na ya mabati, nikamtumia zote mbili. Alijibu siku iliyofuata kwa sauti: «Asante, mwanangu. Ule mwembe ni papa alipanda.» Baadaye akatuma nyingine, akiuliza kama ulikuwa na maembe. Nilimjibu kwamba yalikuwepo, madogo, bado mabichi.

Salamu zake tulizipitisha hewani Jumamosi jioni. Jumatatu asubuhi mama mmoja wa familia zilizokimbia alikuja redioni, amembeba mjukuu mgongoni. Aliomba asikie tena ile sauti. Nikamwekea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba mwaka 1993 yeye naye alilala kwenye kituo cha treni cha Kolwezi, kando ya familia iliyokuwa na binti mkubwa na kijana mdogo mgonjwa, na sauti hii anafikiri anaijua. Alitaka jina. Nilimwambia siwezi kulisema bila ruhusa ya mwenyewe.

Nimemwandikia mama wa Bruxelles usiku ule ule. Ujumbe umefika, nimeona alama. Mama wa huku anapita kila asubuhi akienda sokoni, anasimama dirishani, anauliza: «Amejibu?»